Kwa nini KFC iliishiwa chipsi huku viazi vimejaa sokoni

Mwanzoni mwa Januari 2022 wateja wa KFC nchini Kenya waliambiwa chipsi zimekwisha. Aliyeagiza kuku na chipsi aliruhusiwa kubadilisha achukue ugali, saladi ya kabichi, mkate au soda. Mitandao ilichemka siku hiyohiyo, hasa baada ya watu kusikia sababu: chipsi hizo zilitokana na viazi vya Misri, na mizigo ilikuwa imechelewa baharini. Magunia ya waru, yaani viazi, yalikuwa yamepangwa kando ya barabara za Nyandarua, kaunti ya Kenya inayolima viazi, yakingoja mnunuzi, na duka la Nairobi lilikuwa likingoja meli.

Mkuu wa kampuni alieleza kwamba hawangeweza kwenda sokoni kununua tu, kwa kuwa kila msambazaji lazima apite kwanza kwenye ukaguzi wa ubora wa kimataifa wa KFC. Wengi waliona ni kisingizio. Kisingizio hakikuwa, ingawa hasira ya wakulima ilikuwa ya haki. Anayetaka kuleta vitafunio vyenye jina kutoka nje, au kupeleka vya kwetu ng'ambo, atafaidika akielewa kilichokuwa nyuma ya kaunta ile.

Kinachouzwa ni ruhusa

Faranchaizi ni mkataba ambao mwenye jina humruhusu mtu mwingine kuendesha duka kwa jina lake, mapishi yake na utaratibu wake wa kazi, kwa malipo. Jina la KFC ni la Yum! Brands ya Marekani, lakini maduka ya Kenya yameendeshwa na Kuku Foods, waliofungua la kwanza Nairobi mwaka 2011. Mtaji, pango, mishahara na hasara ni vya mwenye leseni. Cha mwenye jina ni sifa. Mteja mmoja akiugua tumbo Nairobi, habari itasomwa Johannesburg na Dubai. Ndiyo maana mkataba humfunga mwenye leseni kwenye vitu ambavyo yeye, akiwa karibu na soko, angeviamua kwa njia nyingine kabisa.

Kuvuka mpaka kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni leseni kuu ya nchi: mtu mmoja anapewa nchi nzima, naye anaweza kuwagawia wengine maduka. Ni rahisi kwa mwenye jina na ni hatari kwake vilevile, kwa sababu akimchagua mtu dhaifu amepoteza nchi nzima kwa miaka 10 au 20. Ya pili ni leseni ya kuendeleza eneo, ambapo mwenye leseni hufungua maduka yote mwenyewe na huahidi idadi kwa tarehe maalumu. Ya tatu ni ubia, ambapo mwenye jina naye huweka fedha.

Ubia huonekana wa haki, hasa ukiwa wa nusu kwa nusu, lakini hapo ndipo panapohitaji wakili mzuri kuliko kwingine kokote. McDonald's waliingia India mwaka 1996 kwa ubia wa aina hiyo na washirika wawili, mmoja wa magharibi na kusini, mwingine wa kaskazini na mashariki. Upande wa kaskazini waligombana mwaka 2013. Hakuna aliyekuwa na kura ya kumshinda mwenzake, na maduka mengi yalifungwa mwaka 2017. Suluhu ilikuja 2019, McDonald's waliponunua hisa za mwenzao. Mkataba wa nusu kwa nusu usiosema nani anamnunua nani, na kwa bei inayokokotolewaje, ni ugomvi uliowekewa tarehe ya mbele.

Malipo nayo yana sehemu tatu za kawaida: ada ya kuingia, mrabaha wa asilimia fulani ya mauzo (mara nyingi kati ya 4 na 8), na mchango wa matangazo. Asilimia hizo huonekana ndogo mezani. Tuchukue duka la Nairobi linalouza shilingi 3,000,000 kwa mwezi, mrabaha ukiwa asilimia 6. Swali la kwanza ni asilimia 6 ya nini. Ikiwa bei za kaunta zina VAT ya asilimia 16 ndani yake, mauzo halisi ni 2,586,207. Mrabaha kwenye namba ya kwanza ni 180,000 na kwenye ya pili ni 155,172. Kifungu kilichosahau kusema "bila VAT" kinamgharimu mwenye duka karibu shilingi 25,000 kila mwezi, kwa kila duka.

Swali la pili ni kodi ya zuio. Mrabaha unaokwenda kwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 20 Kenya na 15 Tanzania, isipokuwa pale mkataba wa kodi baina ya nchi mbili unapopunguza. Wenye majina wengi huandika kwamba malipo yao yafike yakiwa kamili. Maana yake ni kwamba kodi inahamia kwa mwenye leseni: ili 180,000 ifike Marekani, inabidi ahesabu 225,000, yaani 180,000 ugawe kwa 0.8. Asilimia 6 imekuwa 7.5 bila mtu kubadilisha tarakimu kwenye ukurasa wa ada. Katika vitafunio, ambapo faida ya duka zuri mara nyingi haifiki asilimia 15 ya mauzo, hiyo moja na nusu ni sehemu kubwa ya jasho la mwaka.

Kiazi kinachokubalika

Turudi kwa waru. Duka la kuku wa kukaanga la kimataifa halinunui kiazi. Hununua kipande cha chipsi kilichogandishwa, chenye unene na rangi moja, kinachoiva kwa dakika zilezile Cairo na Kisumu. Kukipata, kiwanda humenya kiazi kwa mvuke, hukikata, huchovya vipande kwenye maji moto ili kuondoa sukari ya juu na kuzima vimeng'enya, hukausha kidogo, hukaanga nusu, kisha hugandisha upesi na kuhifadhi katika nyuzi −18. Dukani kazi ya mfanyakazi ni kumimina kikapuni na kubonyeza kitufe. Mpishi wa chipsi hahitajiki, na hilo ndilo linaloliwezesha duka kuajiri kijana leo na kumweka jikoni wiki ijayo.

Kiazi cha kazi hiyo kinatakiwa kiwe kirefu, chenye macho ya juujuu, uzito mkavu (kinachobaki maji yakitolewa) wa asilimia 20 au zaidi, na sukari kidogo. Kikiwa na maji mengi, chipsi hulegea na kunywa mafuta. Kikiwa na sukari nyingi, hugeuka kahawia nje kabla ndani hakujaiva, na akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kudhuru afya, huongezeka.

Shangi, aina inayotawala Kenya, uzito wake mkavu si mbaya hata kidogo. Wenye vibanda vya chipsi wanaipenda kwa haki. Hukomaa ndani ya miezi mitatu hivi na huiva haraka. Matatizo yake yako kwingine. Ina macho yenye kina, kwa hiyo mashine ikimenya hadi macho yaishe nyama nyingi imekwenda na maganda. Ni ya mviringo, ikitoa vipande vifupi. Tena huchipua mapema baada ya kuvunwa, hivyo kiwanda hakiwezi kuihifadhi miezi minne kikisubiri. Ukiiweka kwenye baridi kali ya nyuzi 4 ili isichipue, wanga hugeuka sukari na chipsi zinakuwa nyeusi. Kiazi cha kukaanga huhifadhiwa kwenye nyuzi 8 hadi 10 pamoja na dawa ya kuzuia kuchipua, na maghala ya namna hiyo kwa wakulima wadogo ni machache.

Juu ya hayo kuna karatasi. Mkaguzi hutaka kujua shamba, mbegu, dawa iliyopulizwa na siku ngapi kabla ya kuvuna. Wakulima wengi hupanda mbegu walizochagua kwenye mavuno yao wenyewe, zikiwa zimebeba ugonjwa wa mnyauko bakteria, na gunia moja huchanganya mashamba matano. Hakuna kosa la uvivu hapo. Mfumo wa soko haujawahi kumlipa mkulima hata shilingi moja ya ziada kwa kutunza kumbukumbu, basi kwa nini azitunze?

Hesabu ya kontena

Kuna jambo lililosahaulika kabisa kwenye mabishano ya 2022, nalo ni ukubwa. Tuseme duka moja linauza sahani 400 za chipsi kwa siku, kila moja gramu 120. Hiyo ni kilo 48 kwa siku, kilo 1,440 kwa mwezi. Maduka 20 yanakula tani 28.8 kwa mwezi. Kontena la baridi la futi 40 hubeba karibu tani 25 za chipsi zilizogandishwa. Kwa maneno mengine, mnyororo mzima wa maduka 20 unaning'inia kwenye kontena moja na kidogo kwa mwezi. Meli moja ikichelewa, hakuna kingine kinachokuja nyuma yake.

Sasa tazama upande wa kiwanda. Mtambo mdogo wa kutoa tani 1 kwa saa ungemaliza tani hizo 28.8 kwa saa 29, yaani zamu nne za kazi, kisha ukae bure mwezi mzima ukidaiwa na benki. Ndiyo sababu mnunuzi mmoja, hata awe na jina kubwa namna gani, hatoshi kuzaa kiwanda cha chipsi. Kinahitaji hoteli, shule, maduka makubwa na washindani wake wote wanunue kwa pamoja. Anayemwambia mwekezaji "njoo ujenge, KFC watanunua" amempa nusu ya hesabu.

Misri ina viwanda vikubwa vya aina hiyo, na kuna sababu nyingine ya kuichagua isiyotajwa sana: Kenya na Misri zote zimo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na bidhaa zinazotimiza masharti ya asili, yaani kutoka kweli kwenye nchi wanachama, huingia bila ushuru wa forodha. Lipeleke kontena lilelile Dar es Salaam na hesabu inageuka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo Misri kwake ni nchi ya nje mbele ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, labda makubaliano mengine yawe yameanza kutumika kwa bidhaa hiyo. Mtu akichukua bei za Nairobi na kuzibandika kwenye mpango wa Dar, amekosea kabla ya kufungua mlango.

Kinga ya kontena lililochelewa ni akiba. Ukitarajia kuchelewa kwa wiki nne, weka wiki nne za chipsi kwenye ghala la nyuzi −18: kwa maduka 20 ni kontena zima na zaidi, pamoja na umeme wake, jenereta yake na fedha iliyolala ndani. Wahasibu huikata akiba hiyo kwanza wanapobana matumizi, kwa kuwa katika mwaka wenye utulivu huonekana kama uzembe. Halafu kuna dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa shilingi 113 hivi za Kenya, na Januari 2024 ilifika 160. Kontena la dola 25,000 lilitoka 2,825,000 hadi 4,000,000, wakati sahani ya chipsi haikuweza kupanda kwa kadiri hiyo mteja asikimbie.

Tusiichukulie aibu hii kuwa ya Kiafrika. Mwishoni mwa 2014, msongamano wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani uliwalazimisha McDonald's wa Japani kuuza chipsi za kipimo kidogo tu na kusafirisha tani 1,000 kwa ndege. Desemba 2021, wiki chache kabla ya mkasa wa Nairobi, walirudi kwenye kipimo kidogo kwa sababu ya mafuriko karibu na bandari ya Vancouver. Uingereza, Februari 2018, KFC walibadilisha msafirishaji na kutegemea ghala moja mjini Rugby. Kuku hawakufika, na zaidi ya nusu ya maduka karibu 900 yalifungwa kwa siku kadhaa.

Waliotangulia walifanyaje? Moscow, McDonald's walijadiliana na Wasovieti tangu 1976, na kabla ya kufungua mlango Januari 31, 1990 walijenga kiwanda chao cha chakula huko Solntsevo kwa zaidi ya dola milioni 40, wakaleta mbegu za kiazi cha Russet Burbank na kuwafundisha wakulima. Ni njia ya mwenye fedha nyingi na subira nyingi. India walianza kuandaa wasambazaji miaka kadhaa kabla ya duka la kwanza, na bado kwa muda mrefu waliagiza chipsi nje. McCain, watengenezaji wa chipsi zilizogandishwa, walitumia miaka kutafuta aina za kiazi zinazolikubali jimbo la Gujarat kabla ya kiwanda chao cha huko kuanza, miaka kumi hivi baada ya duka la kwanza. Ukisikia mtu anaahidi kiazi cha ndani ndani ya mwaka mmoja, muulize mbegu ziko wapi.

Jina linaweza kuwa na mwenyewe

Alama ya biashara husajiliwa nchi kwa nchi. Burger King walipofika Australia mwaka 1971 walikuta jina lao limeshachukuliwa na duka la Adelaide, na hadi leo maduka yao kule huitwa Hungry Jack's. McDonald's walisajili jina Afrika Kusini mwaka 1968 lakini hawakulitumia, na mfanyabiashara wa huko akaomba lifutwe kwa kukaa bure. McDonald's walishinda kwenye rufaa mwaka 1996 kwa hoja ya umaarufu wa jina, hoja ambayo mwenye duka la mandazi kutoka Mombasa hawezi kuitegemea akifika Muscat.

Kwetu kuna mtego ambao wageni huukanyaga kila mara. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unalinda jina Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA, na ada zake. Mwenye hoteli ya Nungwi akilisajili jina lako kabla yako, cheti cha Dar hakikusaidii. Sajili kote, tena kabla ya kutangaza popote kwamba unakuja. Sajili pia namna wateja watakavyolitamka, kwa sababu hilo ndilo litakaloandikwa kwenye vibanda vya kuiga.

Halali nayo ishughulikiwe mapema, siyo wiki ya ufunguzi. Mombasa, Zanzibar na Dar mteja huuliza. Cheti cha kuchinja kuku ndicho rahisi. Yanayosumbua ni mengine: jelatini kwenye peremende na krimu, vimeng'enya kwenye unga wa jibini, ladha zilizoyeyushwa kwenye pombe, na kikaango kimoja kinachotumika kwa kila kitu. Unga wa viungo vya siri hufika ukiwa umefungwa, na mwenye jina hataki kutaja vilivyomo. BAKWATA (baraza la Waislamu Tanzania) au mamlaka ya halali ya Kenya haitathibitisha kisichotajwa. Suluhisho la kawaida ni mwenye jina kutuma orodha moja kwa moja kwa mthibitishaji chini ya ahadi ya siri, na barua hizo huchukua miezi.

Mapishi yenyewe hubadilika na mahali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, unga huumuka haraka zaidi, na donati iliyopangiwa dakika za pwani huporomoka ikifika kwenye mafuta. Dar tatizo ni unyevu: bisi na krispi zilizofunguliwa saa nne asubuhi zimelegea kufikia saa saba, kwa hiyo pakiti ndogo hushinda kubwa. Mafuta ya kukaangia yapimwe kwa vijiti au kifaa cha misombo ya polari (dalili ya mafuta yaliyochakaa) na yamwagwe kabla ya kupita asilimia 25, maana kuamua kwa rangi huwadanganya hata wazoefu. Na umeme ukikatika katikati ya shehena ya −18, kinachoyeyuka kisirudishwe kugandishwa. Vipande hushikana, hunyonya mafuta, na mteja huonja kabla ya mkaguzi.

Kabla ya kuahidi idadi ya maduka, endesha moja kwa miezi kumi na miwili kamili. Mwaka mzima una Januari ya karo, ambapo mifuko imekauka, na una Ramadhani, ambapo pwani mchana hulala na mauzo hurudi baada ya magharibi kwa vyakula tofauti kabisa. Mpango uliotengenezwa kwa miezi mitatu ya Oktoba hadi Desemba utakuahidisha maduka 15 ambayo Februari itayafunga, na mkataba wa kuendeleza eneo huadhibu kuchelewa: kwanza unapoteza haki ya kuwa peke yako kwenye eneo, halafu leseni.

Kifungu kimoja ndicho tungekipigania kuliko punguzo la mrabaha, nacho ni cha msambazaji wa pili. Kiseme kwamba kwa kila bidhaa inayobeba mauzo makubwa, mwenye jina atakagua na kuidhinisha chanzo cha pili, kimoja kikiwa ndani ya nchi au jirani, kabla ya duka la tano kufunguliwa. Kiseme nani analipia ukaguzi, vipimo vya maabara na shehena za majaribio, kwa sababu gharama hiyo isipotajwa hubaki kwa mwenye kiwanda mdogo, naye hawezi. Kiseme pia siku ngapi mwenye jina anazo za kujibu ombi la mbadala wa dharura. Baada ya kelele za Januari 2022, KFC Kenya walisema wataanza kuwashirikisha wasambazaji wa viazi wa ndani. Kazi hiyo ni ya mbegu, maghala na makaratasi, na ilipaswa kuanza mwaka 2011, siku ileile walipoagiza kontena la kwanza.